Usiitupe Koloni: Jinsi ya Kuifuata Salmonella Kutoka Wodini Hadi Jikoni

Ijumaa moja mchana, miaka mingi iliyopita, nilikusanya sahani zangu za kuoteshea bakteria za wiki nzima nikazitia kwenye otoklevu ili ziuliwe wadudu kabla ya kutupwa. Ndivyo nilivyofundishwa. Humo mlikuwamo koloni (vichungu vya bakteria vilivyoota) nne za Salmonella, bakteria wa kuharisha, za watoto wanne waliokula harusi moja. Majibu yalishafika wodini, watoto walikuwa wanaendelea vizuri, nami sikuona sababu ya kubaki na sahani zinazonuka.

Siku ya kumi na mbili Bwana Afya akaingia na boksi la sampuli. Mtaa wa pili kulikuwa na hitma, watu wanahara na kutetemeka kwa homa, na mpishi ni yule yule wa harusini. Alikuwa na swali moja tu: "Dada, mdudu huyu ndiye yule wa mwanzo?" Nilikuwa na karatasi ya majibu mkononi, lakini mdudu mwenyewe nilishamuua. Mzee mmoja aliyekula kwenye hitma ile hakutoka wodini akiwa hai, na swali la Bwana Afya halikujibiwa kamwe.

Tangu hapo sijatupa koloni ya Salmonella bila kuitunza kwanza. Haya ninayoyaandika ni kwa wadogo zangu wa maabara za mikoa na wilaya, na kwa Mabwana Afya na matabibu wanaotuletea sampuli. Mashine ya kusoma vinasaba inaweza kuwa mbali nanyi, lakini sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kabla mdudu hajafika kwenye mashine hiyo.

Anza na watu

Kabla ya kushika sahani, amueni nani atahesabiwa kuwa mgonjwa wa mlipuko huu. Andikeni kwa sentensi moja: mtu aliyehara mara tatu au zaidi kwa siku, au aliyepata homa na maumivu ya tumbo, ndani ya siku tatu baada ya kula kwenye shughuli fulani. Salmonella ya chakula huchukua saa 6 hadi 72 kuonyesha dalili, mara nyingi kati ya 12 na 36. Mtu aliyeanza kutapika saa mbili baada ya kula ana tatizo jingine, pengine sumu ya bakteria iliyokwisha kutengenezwa ndani ya chakula. Msimwingize kwenye hesabu kwa sababu tu alikaa meza moja na wagonjwa.

Kisha waulizeni wote, wagonjwa na wazima. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wanawahoji walioko wodini peke yao. Chukua mfano huu wa kujifunzia. Shughuli ilikuwa na watu 60. Waliokula saladi ya viazi ni 40, wakaugua 30; wasioila ni 20, wakaugua 2. Hiyo ni asilimia 75 dhidi ya 10. Waliokula wali ni 55, wakaugua 30. Watano hawakuugusa, wakaugua 2. Hiyo ni asilimia 55 dhidi ya 40. Wagonjwa 30 walikula wali na wagonjwa 30 walikula saladi, kwa hiyo ukiwauliza wagonjwa tu huwezi kutofautisha. Wazima ndio wanaokuonyesha kwamba kidole kielekezwe kwenye saladi.

Ulizeni chakula kwa vipande vyake. Mwaka 2008 Marekani walipata mlipuko wa Salmonella aina ya Saintpaul uliowaugusha zaidi ya watu 1,400. Mwanzoni wagonjwa walitaja nyanya, na mwezi Juni watu wakaonywa wasile baadhi ya nyanya mbichi. Uchunguzi ulipoendelea mdudu alipatikana kwenye pilipili za jalapeño katika ghala moja huko McAllen, Texas, kisha kwenye pilipili za serrano na maji ya kumwagilia ya shamba moja nchini Mexico. Pilipili zilikuwa zimekatwakatwa ndani ya salsa pamoja na nyanya, na mlaji hukumbuka kile anachokiona kingi. Sisi tuna kachumbari. Ukimuuliza mtu "ulikula kachumbari?" atakubali, lakini hujapata lolote. Uliza nyanya, kitunguu, pilipili, giligilani, ndimu, na maji yaliyosafishia vyote hivyo. Muulize na aliyekata.

Swali la mwisho ambalo karatasi nyingi za mahojiano hazina: "Umemeza dawa gani wiki nne zilizopita?" Mwaka 1983 katika majimbo manne ya kati ya Marekani walipatikana wagonjwa 18 wenye Salmonella aina ya Newport isiyosikia ampisilini, kabenisilini wala tetrasaiklini. Wapelelezi waliwafuata hadi kwenye nyama ya kusaga ya ng'ombe waliolishwa klotetrasaiklini ili wanenepe, na uzi uliowaongoza ulikuwa plasmidi moja, kipande cha vinasaba cha ukubwa ule ule kwa wagonjwa na kwa mifugo. Jambo ambalo limenikaa kichwani ni hili: wagonjwa 12 kati ya hao 18 walikuwa wametoka kumeza dawa za jamii ya penisilini kwa ajili ya koo au maradhi mengine. Dawa ile iliwafyeka bakteria wema wa tumboni, na Salmonella sugu ikapata uwanja mtupu. Kwetu, ambako mtu hununua ampikloksi nusu dozi dukani akiwa na mafua, jibu la swali hili lina uzito mkubwa.

Kuotesha

Sampuli ya choo ichukuliwe kabla ya dawa, na kama maabara iko mbali iwekwe kwenye chupa ya Cary-Blair, ya kusafirishia sampuli ya choo. Mtoto mwenye homa kali au mtu mwenye upungufu wa kinga achukuliwe na damu pia.

Chakula kilichobaki ni dhahabu, na mara nyingi mama wa nyumbani ameshakimwaga kwa aibu. Bwana Afya awahi, akiongea kwa upole. Pima gramu 25 za chakula ndani ya mililita 225 za maji ya peptoni, ilaze kwenye nyuzi 37 kwa saa 18 hivi ili bakteria walionyong'onyea wapate nguvu, ndipo uhamishie kwenye supu teule: Rappaport-Vassiliadis kwenye nyuzi 41.5, na ile ya tetrathionati kwenye nyuzi 37. Usiruke hatua ya peptoni. Bakteria waliokaushwa au kupozwa hufa ukiwatupa moja kwa moja kwenye supu kali, halafu unaandika "hakuna kilichoota" na kukitakasa chakula chenye hatia.

Kwenye agari ya XLD, chakula kigumu cha kuoteshea bakteria, tafuta koloni nyekundu zenye kitovu cheusi. Thibitisha kwa vipimo vya TSI, yurea na agari ya laisini ya chuma, kisha seramu zenye kingamwili za kutambua aina ya mdudu. Salmonella zina aina zaidi ya 2,500 katika jedwali la White, Kauffmann na Le Minor, na hakuna maabara ya mkoa yenye seramu zote. Ukiweza kusema kundi la O:4 au O:9, umefika pazuri pa kuanzia. Typhimurium iko kwenye O:4, Enteritidis kwenye O:9, na Typhi pia iko O:9, kwa hiyo usimwambie daktari "Enteritidis" kwa kuona kundi peke yake.

Kutoka kwenye sahani moja chagua koloni zaidi ya moja, tatu hivi, hasa kwa sampuli za chakula na za mabanda ya kuku. Nimewahi kuona sahani moja ikiwa na aina mbili tofauti, na na kama ningechukua moja tu, ningechukua ile isiyohusika.

Diski za dawa, uzi wa kwanza na wa bei nafuu

Usugu wa vimelea dhidi ya dawa, UVIDA kama tunavyouita kazini, tumezoea kuupima ili daktari ajue dawa ya kuandika. Katika mlipuko una kazi ya pili: ni sura ya mdudu. Wagonjwa sita wakitoka na sura moja isiyo ya kawaida ndani ya wiki moja, hiyo ni taarifa, hata kabla hujajua walikula wapi.

Tope la bakteria liwe na uzito wa 0.5 kwa kipimo cha McFarland, si kwa kukisia kwa jicho lililochoka saa kumi jioni bali kwa kulinganisha na mrija wa kipimo. Sambaza kwenye Mueller-Hinton, bandika diski ndani ya robo saa, otesha nyuzi 35 kwa saa 16 hadi 18, kisha pima kipenyo kwa rula na uandike milimita. Narudia, andika milimita. Maabara nyingi huandika herufi tu, S (anasikia dawa) au R (sugu), na milimita zinapotea. Kumbe kwa mpelelezi milimita ndizo zenye habari: siprofloksasini ya 20 na ya 12 zote ni R, lakini huenda ni wadudu wawili wenye historia tofauti.

Kila kundi la diski lipimwe na E. coli ATCC 25922, bakteria wa kulinganishia ambaye majibu yake yanajulikana. Ikitoka nje ya mipaka, majibu ya siku hiyo hayatoki. Nimeona diski zilizokaa nje ya jokofu wakati umeme umekatika zikimfanya kila mgonjwa aonekane sugu kwa ampisilini, na watu wakaanza kuzungumzia mlipuko ambao haukuwapo.

Mkiwa na bajeti ndogo wekeni ampisilini, kloramfenikoli, kotrimoksazoli, tetrasaiklini, seftriaksoni, siprofloksasini, pefloksasini na azithromaisini. Tetrasaiklini hutamwandikia mgonjwa wa Salmonella, lakini kwa upelelezi ni alama nzuri, hasa pale mifugo inapohusika. Siprofloksasini ya Salmonella ina mipaka yake mikali katika jedwali la CLSI, taasisi inayoweka viwango vya maabara: milimita 31 na zaidi inasikia, 21 hadi 30 iko katikati, 20 kushuka ni sugu. Ukitumia mipaka ya bakteria wengine wa tumboni utampa mgonjwa dawa itakayomwangusha. Pefloksasini ya mikrogramu 5 inasaidia kuukamata usugu ule unaoanza taratibu: 24 na zaidi ni sawa, 23 kushuka ni dalili mbaya. Jentamisini na sefalosporini za kizazi cha kwanza na cha pili zinaweza kuonekana nzuri kwenye sahani na zisifanye kazi ndani ya mtu. Zipime ukitaka kama alama, lakini usizipeleke wodini.

Na kwa kuwa tumetaja wodi: mtu mzima mwenye nguvu anayehara kwa Salmonella ya chakula kwa kawaida anahitaji maji na chumvi, hahitaji antibayotiki. Mpeni ORS, na mtoto apate na zinki. Dawa ziwekewe watoto wachanga, wazee, wenye kinga dhaifu na wale ambao mdudu ameingia kwenye damu. Jibu la diski lisigeuke ruhusa ya kugawa vidonge kwa mtaa mzima.

Sasa tahadhari. Sura ya usugu inaweza kudanganya pande zote mbili. Vinasaba vingi vya usugu hukaa juu ya plasmidi, na plasmidi huingia na kutoka. Ndugu wawili wa mlipuko mmoja wanaweza kutofautiana kwa dawa moja kwa sababu mmoja kaidondosha plasmidi njiani. Kwa upande mwingine, wadudu wasiojuana kabisa wanaweza kuokota plasmidi ya namna moja. Mimi hupima hivi: tofauti ya dawa ambayo usugu wake kwa kawaida hubebwa na plasmidi, mfano ampisilini, naichukulia kwa wepesi, tofauti ya siprofloksasini inayotokana na badiliko kwenye jini la gyrA, ambalo liko kwenye kromosomu, naipa uzito, maana badiliko kama hilo halidondoki kirahisi.

Kuitunza

Hii ndiyo sehemu ninayokusihi usiiruke. Siku ile ile unapotoa jibu, chota koloni safi, iweke kwenye supu yenye gliseroli asilimia 15 hadi 20, mirija miwili, kwenye friza ya nyuzi 70 au 80 chini ya sifuri. Mrija wa pili usiguswe mpaka wa kwanza utakapokwisha.

Najua wengi hawana friza hiyo. Mimi mwenyewe nilikaa miaka bila nayo. Salmonella ni mdudu mvumilivu: ichome kwa sindano ndani ya agari ya kawaida kwenye kichupa kidogo, ioteshe usiku mmoja, ziba kifuniko barabara ili isikauke, weka kwenye kabati lenye giza, mbali na dirisha. Itakaa miaka. Haihitaji umeme wala fedha ya wafadhili.

Lebo iandikwe kwa kalamu isiyofutika kwa spiriti: namba ya maabara, tarehe ya kuchukua sampuli, aina ya sampuli. Jina la mgonjwa lisiwepo kwenye mrija. Katika daftari, namba hiyo iungane na umri, mtaa, tarehe ya kuanza kuumwa na alichokula. Tarehe ya kuanza kuumwa ndiyo inayosahaulika kila mara, na utaona mbele kwa nini ninaipigania.

Vinasaba

Kwa miaka mingi njia ya kulinganisha ilikuwa kuikata DNA ya mdudu kwa kimeng'enya, kwa Salmonella mara nyingi XbaI, kisha kuvuta vipande kwenye jeli kwa umeme unaogeuzageuza mwelekeo, ukapata mistari kama ya kanga. Mtandao wa PulseNet ulioanzishwa Marekani mwaka 1996 ulijengwa juu ya mistari hiyo, na mwaka 2019 ukahamia rasmi kwenye kusoma jenomu nzima, yaani vinasaba vyote vya mdudu. Udhaifu wa mistari ulikuwa kwamba Enteritidis nyingi zinafanana kupita kiasi. Usipoteze muda kujifunza jeli hiyo sasa.

Njia ya kati ni kusoma jini saba tu, aroC, dnaN, hemD, hisD, purE, sucA na thrA, na kumpa mdudu namba ya ST, yaani namba ya ukoo kwa mfuatano wa jini hizo. Ni nzuri kwa kumjua mdudu ni wa ukoo gani. Lakini hapa Afrika namba ya ST isikulevye. Typhimurium ST313 imeenea kusini mwa Sahara, Malawi, Kenya, Kongo na kwingineko, ikiingia kwenye damu za watoto wenye malaria na utapiamlo na watu wazima wenye VVU. Jenomu iliyoifungulia dunia macho, ya mdudu aitwaye D23580, ilitoka kwa mgonjwa wa Blantyre na kuchapishwa mwaka 2009. Ndani yake mlikuwa na usugu wa dawa kadhaa umepandikizwa juu ya plasmidi. Sasa, ukikuta wagonjwa watano wa ST313 wilayani kwako ukatangaza mlipuko, umefanya kama mtu anayesema majirani watano ni ndugu kwa sababu wote ni Waswahili. Enteritidis ST11 ndiyo hivyo hivyo, iko duniani kote. Lazima usome jenomu nzima.

Jenomu ya Salmonella ina herufi milioni 4.8 hivi. Tangu janga la UVIKO-19 maabara nyingi za taifa barani Afrika zimepata mashine za kuisoma, na kipo hata kisomaji kidogo cha Oxford Nanopore kinachochomekwa kwenye kompyuta kama flashi. Kazi yako wewe wa mkoani ni kupeleka koloni moja, safi, iliyooteshwa upya, pamoja na daftari. Koloni chafu ndiyo inayoharibu kazi nyingi kuliko mashine mbovu.

Majibu yakirudi, au ukipewa faili uyachambue mwenyewe, angalia kwanza ubora. Jumla ya herufi iwe karibu na milioni 4.5 hadi 5. Ikifika 7 jua mmechanganya wadudu wawili. Kila sehemu iwe imesomwa mara 30 au zaidi. Kisha programu ya SISTR au SeqSero2 itakupa aina ya seramu bila chupa hata moja ya seramu, na ResFinder au AMRFinderPlus itakuonyesha jini za usugu. Zilinganishe na milimita zako. Programu ikisema kuna blaCTX-M-15, jini la usugu wa seftriaksoni, na diski ya seftriaksoni ina duara kubwa, kuna mrija umebadilishwa mahali fulani, au mdudu ameshapoteza plasmidi. Rudi kwenye mrija wa pili.

Mwisho, umbali. Hifadhi ya mtandaoni ya EnteroBase hulinganisha jini 3,002 za msingi. Wengine huhesabu tofauti za herufi moja moja katika jenomu nzima. Salmonella hizi kwa kawaida hubadilika herufi moja au mbili hivi kwa mwaka, kwa hiyo wagonjwa wa sufuria moja hutofautiana kwa herufi 0 hadi 5 hivi. Namba hiyo si sheria. Chanzo kilichodumu miaka ndani ya kiwanda au banda kinaweza kuzaa wadudu wanaotofautiana zaidi ya hapo, na bado ni chanzo kimoja.

Tazama kilichotokea Ulaya mwaka 2022. Tarehe 17 Februari Uingereza iliziarifu nchi nyingine kwamba ina kundi la wagonjwa wa Typhimurium yenye awamu moja, ST34, wengi wao watoto chini ya miaka 10. ST34 imejaa Ulaya, kwa hiyo namba hiyo peke yake isingefika popote. Jenomu ziliwakusanya pamoja wagonjwa waliotawanyika nchi nyingi, na sura ya usugu ikawa ya namna yake: ampisilini, streptomaisini, jentamisini, kloramfenikoli, salfa, trimethoprimu na tetrasaiklini vyote havifui dafu, ilhali siprofloksasini na sefalosporini za kizazi cha tatu bado zinafanya kazi. Mahojiano yakawaelekeza kwenye chokoleti za Kinder, na chokoleti zikawaelekeza kwenye kiwanda kimoja cha Arlon, Ubelgiji. Huko Salmonella ilishaonekana Desemba 2021 kwenye tangi la mafuta ya maziwa. Jenomu zilionyesha wadudu wa koo mbili, na zote mbili zililingana na za kiwandani. Tarehe 8 Aprili kiwanda kikafungwa. Koloni za Desemba zilikuwa zimetunzwa. Bila hizo, pangebaki ubishi tu kati ya wazazi na wenye kiwanda.

Ndugu ni nani, na mzazi ni nani

Vinasaba vinakwambia hawa ni ndugu. Havikwambii nani kamwambukiza nani. Hilo nimelijua kwa mpishi mmoja mama wa makamo, miaka michache iliyopita.

Alipika mahafali ya nyumbani: pilau, kuku, kachumbari, na saladi ya viazi kwa mayonezi aliyoipiga mwenyewe kwa viini vibichi. Wageni wakaugua. Tukampima na yeye, akatoka na Salmonella kundi la O:9, sugu kwa ampisilini na tetrasaiklini, milimita zikikaribiana na za wagonjwa. Mtaa ulishamhukumu. Watoto walikuwa wakipita mlangoni kwake wakiziba pua.

Daftari ndilo lililonizuia nisiandike kile ambacho kila mtu alitaka niandike. Wageni walianza kuumwa Jumapili alfajiri. Yeye alianza Jumapili usiku, baada yao. Alionja chakula chake kama mpishi yeyote. Waliokula saladi ndio walioanguka, na mama mmoja aliyekataa saladi kwa sababu hapendi mayai alikuwa mzima pamoja na watoto wake wote. Bwana Afya akaenda kwenye banda lililouza mayai, akavaa soksi za nyuzi juu ya buti akatembea banda zima, akazileta soksi zile maabara. Tukaotesha, tukapeleka koloni zote kusomwa. Nami nikafungua kabati langu nikaongeza mrija mmoja: damu ya mtoto wa miezi kumi na moja, kundi O:9, miezi minne kabla ya mahafali. Hakuna aliyeniomba. Milimita zake zilinikumbusha.

Jibu lilirudi na mti wa ukoo. Wageni, mpishi na soksi za bandani walitofautiana kwa herufi 0 hadi 3. Mtoto yule aliyeugua miezi minne nyuma alikuwa kwenye tawi lile lile, herufi mbili kando. Tukaenda kwa mama yake. Mpishi hawamjui, hajawahi kuwapikia. Mayai wananunua kwa kijana wa baiskeli, na kijana wa baiskeli anayachukua kwenye banda lile.

Kwenye ripoti tuliandika hivyo hivyo kwa mpangilio: tarehe za kuumwa, hesabu ya waliokula na wasiokula, milimita, mti, kisha mayai. Banda likasimamishwa kuuza mayai mabichi, na afisa mifugo akaanza kazi yake. Mpishi alisubiri mpaka sampuli zake mbili za choo, zilizochukuliwa siku tofauti, zitoke safi.

Tulikwenda kwake na Bwana Afya kumsomea karatasi. Masufuria yake makubwa yalikuwa yamefudikizwa uani, vumbi limeshaanza kukaa juu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudie ile sehemu ya mtoto. Wiki iliyofuata alinipigia simu kuniuliza mayonezi aitengenezeje, kiini kifike joto gani. Nikamwambia nyuzi 70, na kama hana kipimajoto, achemshe yai mpaka kiini kikauke kabisa.